Mashine Tuliyoifanya Mshenga

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia mihogo kabla hujalisoma, usihangaike, nakupa yote kwa mkupuo. Mimi ni Ilaitia, mtu niliyefukuzwa kazi mara nne kabla sijatimiza miaka arobaini. Kazi ya tano niliipata kwenye kampuni ya mabomba na vifaa vya ujenzi pale Walu Bay, Suva, na cheo chake kilikuwa kirefu kuliko mshahara: afisa mabadiliko. Kampuni ilikuwa inaachana na madaftari yake yote na kuhamia mfumo mmoja mkubwa wa kompyuta, kuanzia oda mpaka likizo. Kazi yangu ilikuwa kuwafanya watu wapende jambo ambalo tayari wamelazimishwa.

Mliniacha nimeketi mbele ya fomu namba saba, kalamu mkononi, jasho kwapani. Fomu ilikuwa na swali moja: "Kati ya anayeomba na anayeidhinisha, kuna kizuizi chochote?"

Nikaandika: "Hakuna."

Leo naungama. Kilikuwepo, na nilikijua.

Anayeomba alikuwa Maciu, mtunza ghala, mwaka wake wa ishirini na sita kwenye ghala la chini. Anayeidhinisha alikuwa Mereoni, ofisi ya manunuzi, ghorofa ya pili. Majina yao ya ukoo ni tofauti, kwa hiyo kwenye karatasi ni watu baki. Lakini mama zao ni tumbo moja, na kwetu Fiji watoto wa mama mkubwa na mama mdogo ni kaka na dada kamili. Na kaka na dada wakishakuwa watu wazima hawasemezani. Wala si ugomvi, ni heshima. Hawataniani, hawaitani majina, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Na zaidi ya yote, dada hamkatalii kaka neno.

Utaniuliza, sasa miaka yote hiyo walifanyaje kazi? Walifanya kwa miguu ya Bi Kelera, mpika chai.

Maciu alikuwa akiandika oda anaiweka kwenye sinia la vikombe. Kelera anapanda nayo. Mereoni akiona kosa anaiambia birika, "Hii sijaielewa vizuri." Kelera anashuka, anasema, "Huko juu macho yao yamechoka, hebu waandikie tena." Maciu anachungulia, anaona kosa lake, anasahihisha. Hakuna aliyemkatalia mtu.

Wataalamu walipokuja kutoka Sydney kuchora jinsi kazi zinavyokwenda, walichora visanduku mia na arobaini na mishale yake. Bi Kelera hakupata hata kisanduku kimoja. Nilikuwepo, nikaona, nikanyamaza. Ijumaa ile ilikuwa siku ya kukabidhi fomu.

Halafu nilikuwa na falsafa yangu. Nilimwambia Mereoni, "Usijali. Mashine ndiyo itakuwa mshenga wenu. Hutamwona, hatakuona."

Nilijiona nina akili za kumgawia na jirani.

*

Mfumo ukawashwa kwa majaribio ya wiki mbili, jengo letu peke yake. Kama majaribio yangekwenda sawa, kikao cha Ijumaa kingeamua uwashwe matawi yote Jumatatu inayofuata.

Jumatatu ya wiki ya pili, Gavin, mtaalamu mkuu kutoka Sydney, alituita wote. Gavin ni mtu mwema. Tatizo lake ni moja tu, anapenda grafu kuliko mama yake.

"Tazameni hii," akasema, akituonyesha ukutani. "Ghala na manunuzi. Oda mia na tisa. Zilizorudishwa, sifuri. Muda wa kuidhinisha, sekunde nne kwa oda."

Watu wakapiga makofi. Nikaletewa keki.

Madam Shaleen, mkurugenzi wa mradi, Mhindi mzaliwa wa mtaa wa Raiwaqa hapa Suva, mwanamke asiyecheka bila kwanza kuangalia saa, akanisogelea. "Ilaitia, umenishangaza. Wewe si ndiye uliyebandika mabango yenye tarehe ya mwaka jana?"

"Madam, mabango yalikuwa ya mazoezi."

"Kula keki yako, usiongee."

Nikala. Nilikuwa natafuna kipande cha pili simu ilipolia.

"Mtani," sauti ya Maciu, "shuka chini. Njoo na mwavuli. Kuna mvua ya vyoo."

Kwao na kwetu ni watani tangu enzi za mababu. Ana ruhusa ya kunitukana mchana kweupe na kunichukulia viatu vyangu mlangoni, na mimi sina ruhusa ya kununa. Nikajua ni utani wake wa kila siku.

Haukuwa utani. Kontena lilikuwa wazi, na ndani, kutoka sakafuni mpaka darini, vifuniko vya vyoo.

"Niliomba sitini," akasema Maciu. "Wameleta katoni sitini. Kila katoni ishirini na nne. Fanya hesabu, wewe msomi."

"Elfu moja mia nne na arobaini."

"Suva nzima ikikaa kwa pamoja, vitabaki. Ningewapelekea zawadi huko Kadavu, ila nasikia kwenu bado mnaenda vichakani."

"Na kwenu wapelekee, watavifanya sahani."

Alicheka, lakini jicho lake halikucheka. Alinivuta kando. "Mtani, mimi nimeandika sitini. Sijaandika katoni. Kosa langu liko wapi?"

Nililijua liko wapi. Karatasi ya zamani ilitaka namba tu. Mfumo mpya ulikuwa na kisanduku kidogo cha kipimo, na usipokigusa, chenyewe kinachagua katoni. Nilipaswa kuwafundisha hilo. Mafunzo yangu yalikuwa ya dakika arobaini, na dakika ishirini na tano kati ya hizo umeme ulikatika kwa mvua, tukaimba nyimbo za kanisani gizani. Kisha wote wakasaini kwamba wameelewa.

Nikamweleza habari ya kisanduku. "Zipo nyingine ulizoandika hivyo?" nikauliza.

"Kama ni hivyo, zipo kumi na saba. Ziko baharini zinakuja."

*

Nilipanda ngazi mbili mbili.

Mereoni alikuwa mezani kwake, amenyooka kama anapigwa picha ya pasipoti.

"Dada Mereoni, ile oda ya vifuniko uliiona?"

"Niliiona."

"Uliona ni katoni?"

"Niliona. Nina macho."

"Na zile nyingine kumi na saba?"

"Zote niliziona."

"Sasa mbona hukurudisha?"

Akageuza kioo cha kompyuta kunielekea. "Kile kitufe chekundu kimeandikwa nini?"

"Kataa."

"Ukikibonyeza, kinaandika nini?"

"Kinaandika... imekataliwa na Mereoni."

"Kinamwandikia nani?"

"Mwombaji. Na nakala kwa ghala lote."

"Basi."

"Lakini dada, ni mashine tu..."

"Uliniambia ni mshenga." Hakupandisha sauti. Ningefurahi angepandisha. "Mshenga gani huyo hajui kulainisha neno? Kelera alikuwa anajua. Hiki chako kinapiga kelele sokoni kwamba mtoto wa mama yangu ni mjinga, na mimi ndiye niliyesema. Kwa hiyo nilikuwa nafumba macho nabonyeza kijani. Sekunde nne. Tatu za kuomba Mungu."

Nikashuka. Nikapanda tena. Nikasahau nilichopandia, nikashuka. Bi Kelera akanitazama kutoka jikoni. "We Ilai, una nini? Mimi nimeambiwa nipumzishe magoti, wewe ndiyo umerithi ngazi?"

*

Jumanne asubuhi Madam Shaleen aliniita. Keki ilishasahaulika.

"Sekunde nne," akasema. "Jana nilipiga makofi. Leo nimefikiri. Mtu mmoja anaagiza bila kipimo, mwingine anaidhinisha bila kusoma. Oda mia na tisa, hata moja haijarudi. Wewe ukiona hivyo unasemaje?"

"Labda ni ugeni wa mfumo, Madam."

"Mimi nasema wamepatana. Sijui kwa faida gani, lakini wamepatana. Ijumaa natangaza. Maciu anatoka ghalani, anaenda kukaa getini kufungulia malori. Yule mama nitamchunguza taratibu."

"Getini? Madam, yule ghala analijua gizani. Hata panya wa mle anawajua kwa majina."

"Basi atawasalimia akipita."

Nikakimbilia kwa Gavin. Nilikuwa na dawa nyepesi: Mereoni atolewe kwenye oda za ghala, awekwe mtu mwingine. Mara moja, kimyakimya.

"Haiwezekani kimyakimya," akasema Gavin. "Lazima fomu namba saba ifutwe na iandikwe upya. Nani alisaini ya kwanza?"

"Mimi."

"Vizuri, ni rahisi basi. Andika ulikosea, na utaje kizuizi ni nini. Hebu niambie, kuna kizuizi?"

Uso wake ulikuwa mweupe usio na hila, kama sahani iliyooshwa.

"Nitaangalia," nikasema.

Akanipa fomu tupu. Nikaikunja, nikaiweka mfukoni. Kuijaza maana yake ni kukiri nilidanganya kwa saini yangu, na kazi ya tano inaifuata ya nne. Kutoijaza maana yake ni Maciu kwenda getini. Jumanne nzima nilitembea nayo. Usiku sikulala, mke wangu akaniuliza kama nina minyoo.

*

Jumatano mchana nilimkuta Maciu kakaa juu ya katoni za vifuniko anakula roti, ile chapati ya Kihindi, ya viazi. Nikamwambia kila kitu, geti na yote. Nikamwambia pia mimi ndiye niliyeandika "hakuna".

Alitafuna mpaka mwisho. Akafuta mikono.

"Mtani, ulitudanganyia sisi ili upate nini?"

"Ijumaa ipite."

"Ikapita?"

"Ikapita."

"Hongera."

Nilingoja tusi. Watani hupeana matusi kama wengine wanavyopeana pipi, na tusi siku hiyo lingenipoza. Hakunipa.

"Nitawaambia kesho," nikasema. "Nitawaeleza kwamba ninyi ni kaka na dada, kwamba ni miiko yetu, kwamba..."

"Hutawaambia."

"Maciu, watakuweka getini."

"Na wakijua je? Yule Mwaustralia atachora sanduku, ataandika ndani: Mereoni haiwezi kazi kwa sababu ya mila. Wataanza kumwonea huruma. Yule ndiye mtu wa kwanza kijijini kwetu kukaa ofisi yenye kiyoyozi. Heri mimi niitwe mzembe getini kuliko yeye aitwe mshamba ghorofani." Akainuka. "Nimekuomba. Na usiniletee uso huo, unafanana na beki wa raga aliyedondosha mpira."

Kwa hiyo sasa mdomo wangu ulikuwa na kufuli mbili. Moja ya woga wangu, moja ya ombi lake. Na niwaambie ukweli, ile ya pili ilinifurahisha, maana ilinifanya woga wangu uonekane kama uaminifu.

*

Ijumaa. Mvua ya Suva inapiga bati kama ina madai. Chumba cha mikutano kimejaa wakuu wa matawi, kila mmoja na faili lake.

Madam Shaleen aliwaita wote wawili. Mereoni alikaa mwisho wa meza. Maciu hakukaa. Alisimama dirishani, mgongo nusu kwetu, akiangalia malori. Kwa mtu asiyejua, yalikuwa macho ya mwenye hatia.

Madam akasoma mashtaka yake. Sekunde nne. Oda mia na tisa. Kontena. Geti.

"Maciu, una la kusema?"

"Sina, Madam. Kosa ni langu."

"Mereoni?"

Mereoni akaangalia meza.

Nikaweka mkono mfukoni, nikaishika ile fomu. Bado tupu. Nikasema moyoni, hesabu mpaka tatu, usimame. Nilikuwa nimefika mbili Gavin aliponyosha mkono.

"Naomba niseme," akasema. "Mimi siamini kama wamepatana. Na kuna njia ya kujua." Akawasha mashine, oda moja ikatokea ukutani, kubwa kama blanketi. "Hii ni ya Maciu, ya wiki iliyopita. Ndiyo pekee ambayo Mereoni hajaigusa. Viwiko vya mabomba, katoni mia tatu. Kila mtu humu anajua ni kosa. Mereoni aikatae hapa, mbele yetu. Akiikataa, tumeona kwamba anaweza kumkatalia. Hakuna njama. Maciu anabaki ghalani, tunamfundisha kipimo, tunaendelea."

Madam akafikiri. Akaangalia saa. "Sawa. Mbonyezo mmoja, na habari ya geti imekwisha."

Nikashukuru. Nasema kweli, nilishukuru Mungu, na mkono nikautoa mfukoni. Mbonyezo mmoja wa mtu mwingine, na mimi ningetoka pale na kazi yangu.

Gavin akasogeza kompyuta mbele ya Mereoni. Akamwelekezea kipanya. "Ni hicho chekundu tu," akasema kwa upole.

Mereoni akaweka mkono. Mshale ukutani ukasogea, ukafika kwenye kile kitufe, ukasimama juu yake.

Tukangoja. Mkuu wa tawi la Lautoka akakohoa. Mshale haukwenda mbele wala nyuma.

Kisha Maciu akaongea kwa Kifiji, taratibu, macho bado kwenye malori. "Ilai. Mwambie huyo aliyekaa hapo abonyeze. Mimi nimeridhia."

Nikageuka. "Anasema ubonyeze. Ameridhia."

Mereoni hakuinua kichwa. "Mwambie sibonyezi."

"Anasema habonyezi."

"Mwambie ni mabomba tu. Si damu."

"Anasema ni mabomba tu."

"Mwambie leo mabomba. Watoto wake na wangu wataambiwa siku moja alisimamishwa dirishani, jina lake ukutani, na mimi nikalifuta mbele ya watu. Mwambie sibonyezi."

Maciu akashika fremu ya dirisha. "Mwambie namwomba," akasema.

Mwanamume wa miaka hamsini na nne kumwomba dada yake mbele ya watu. Sikutaka kulibeba lile neno. Nililibeba. "Anakuomba, dada."

Mereoni akaondoa mkono kwenye kipanya, akauweka juu ya mapaja yake, akaufunika kwa ule mwingine.

"Mwambie nimekataa."

Nililifikisha kabla sijaelewa nimefikisha nini. Yule mwanamke aliyekataa kumkatalia kaka yake kwa mashine alikuwa ameshamkatalia, neno zima, kwa kinywa changu.

Maciu aligeuka kutoka dirishani. Akapiga hatua mbili, akaketi chini kwenye zulia, miguu kaikunja, kichwa kakiinamisha, kama mtu aliyeingia nyumba ya mkubwa. Wakuu wa matawi waliokuwa Wafiji wakaanza kushuka kwenye viti vyao mmoja mmoja, wasikae juu kuliko yeye. Wengine wakabaki wanatazamana.

"Kuna nini?" akauliza Gavin. "Wanasema nini? Amebonyeza?"

"Hajabonyeza," akasema Madam Shaleen. Mtoto wa Raiwaqa hawezi kukosa Kifiji cha sokoni. "Amesema amekataa. Hilo nimelisikia. Alichokataa na aliyemkatalia ndivyo sijavielewa." Alikuwa amesahau saa yake. Akanitazama mimi, mwanamume pekee wa Kifiji aliyebaki ameketi kitini kama mpumbavu. "Ilaitia. Umekuwa ukiwasemea hawa kwa dakika nzima, na wote wawili wana masikio. Hawa ni nani kwa nani?"

Maciu, kutoka chini, akanitazama na kutikisa kichwa mara moja. Usiseme.

Mereoni, kutoka mwisho wa meza, akanitazama pia. Akaitikia kwa kichwa, mara moja. Sema.

Tatu, nikasema moyoni, nikasimama.